Kumtandika Biskuti

Jumapili, 6 Oktoba 2002

Wiki moja tu imebaki! Jumamosi ijayo, Fort Worth, mashindano ya vijana ya kuzunguka mapipa kwa farasi. Natalia wangu! Mtoto wa mimi Ndeshi, niliyeishia la saba kule Marangu! Juu ya farasi, mbele ya Wateksasi na kofia zao! Hapa Grand Prairie nimeshamwambia kila mtu. Mchungaji nilimwambia kabla hajamaliza kufunga Biblia.

Kuna tatizo dogo. Farasi si wetu. Ni wa Bibi Lorine, yule mzee wa Kizungu ninayemhudumia kule karibu na Mansfield tangu avunjike nyonga. Farasi anaitwa Biskuti. Rangi ya mkate uliookwa vizuri, macho ya mtu anayejua siri zako. Mwaka jana tandiko baya lilimtoboa mgongo. Bibi alilia kuliko alivyolilia nyonga. Kwa hiyo katoa sharti: Ijumaa jioni analeta mkono wake mwenyewe, analipima tandiko juu ya mgongo wa Biskuti. Likikubalika, Natalia anapanda Jumamosi. Lisipokubalika, anapanda Jerioth.

Jerioth! Binti wa Nyaboke! Huyu Nyaboke ni Mkenya, Mkisii, tunapokezana kwa Bibi. Mimi Jumatatu, Jumatano, na Ijumaa jioni. Yeye Jumanne na Alhamisi. Moyo wake si mbaya. Lakini kamnunulia binti yake tandiko jipya, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, na leo nje ya kanisa kaniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka parking, "Na nyinyi, Mama Natalia, mko na saddle ama mtoto atakalia blanketi?"

Nikamwambia mimi sidanganywi na vinavyong'aa. Tandiko ni la zamani. Ngozi ya zamani, mishono ya zamani, mafundi waliokuwa hawana haraka. Nikasema ninayo matatu nyumbani, kazi iliyobaki ni kulinganisha tu, lipi lina ubora na lipi lina starehe.

Sina hata moja.

Jumatatu, 7 Oktoba

La kwanza hili hapa! Jana mchana nilikimbia gulioni. Kuna mzee anauza vitu vya farasi pamoja na vioo. Ana tandiko la miaka ya hamsini. Loo! Limechongwa maua kila mahali kama keki ya harusi. Nyuma limeinuka, linakushika kiuno kama mume mwema. Mbele ile pembe ya kushikia imenyooka kama shingo ya twiga. Nimelipa jina: Mrembo.

Mzee akakataa kulitoa kwa majaribio bila dhamana. Nikarudi nyumbani, nikachomoa microwave, nikampelekea. Narudisha Mrembo wikiendi ijayo, ananirudishia microwave. Akili!

Mwita hakuiona hiyo akili. Karudi kutoka ghalani, siku nzima yuko juu ya forklift, kasimama jikoni na sahani ya wali wa baridi, anatazama pale penye pengo. Akauliza iko wapi. Nikasema iko kwenye shughuli. Mume wangu ni Mkurya, hasemi sana. Alikula wali ule wa baridi huku ananitazama mpaka punje ya mwisho.

La pili nimelipata leo Vickery Meadow, mtaa wa kule Dallas, kwa Fidèle, Mkongo wa kanisani kwetu. Anafanya kazi ya kuhamisha watu nyumba, na watu wa hapa huacha vitu vya ajabu. Tandiko kaliweka juu ya benchi sebuleni. Akanisifia, "Mama, iko muzuri sana. Bibi yangu anaikaliaka kila siku, anaangalia télé." Nikashangaa, maana bibi yake najua alibaki Goma. Kumbe anamaanisha mkewe, Esperance! Kwao mke ndiye bibi. Nilicheka mpaka barabarani. Watu wengine Kiswahili wamekifanya nini jamani.

Lenyewe ni la miaka ya sabini. Ubaya wake! Kiti kimejazwa sponji, kimefunikwa ngozi ya manyoyamanyoya rangi ya chungwa, pembeni kamba nyeupe zimeshonwa kama mdomo wa gunia, na watoto wamechora samaki kwa kalamu. Nimeliita Sofa. Nimelichukua kwa adabu tu. Ukilinganisha lazima uwe na baya.

Jumanne, 8 Oktoba

Mama Jerioth kapiga simu kutoka kwa Bibi, makusudi. Eti Jerioth alikuja baada ya shule kumtembeza Biskuti, na Biskuti "amemzoea mpaka anamlamba mfuko". Eti Bibi alikuwa akitabasamu. Kisha akaniuliza yale matandiko yangu matatu yanaendeleaje. Nikasema vizuri, naona ugumu kuchagua.

Nilipokata simu nikahesabu kwa vidole. Mawili si matatu! Nikampigia shemeji Edson, mdogo wake Mwita, yuko Houston, Gulfton. Nilikumbuka jirani yake mmoja alihama akamwachia tandiko la wakamata ng'ombe. Edson akasema, "Shemeji, hilo nalitumia kuzuia mlango." Nikamwambia mlango uzuiliwe na tofali, heshima ya ukoo iko hatarini. Analituma kwa basi.

Natalia anafanya mazoezi juu ya mkono wa kochi. Chakula hali vizuri. Kaniambia kwa Kiingereza chao kwamba hajali tandiko, anachotaka ni Biskuti tu, na nikiharibu hatanisemesha mpaka aende college. Hakuwa anatania. Alikuwa na machozi.

Sitaharibu. Nimeharibu lini mimi?

Jumatano, 9 Oktoba

Limefika. Pale stendi ya basi kijana wa mizigo aliniuliza kama ndani kuna mtu. La miaka ya themanini, zito, ngozi nene kama ukuta, pembe nene kama mchi wa kinu, kwa ajili ya kufungia kamba ya ng'ombe. Limepewa jina Gogo.

Jioni nimefanya ulinganisho. Kisayansi! Kila tandiko nimeliweka juu ya mgongo wa kochi, nikapanda, nikamenya ndizi mbichi za mtori. Maana kiti kizuri ni kile kinachokuacha umenye ndizi bila kuhamisha makalio.

Gogo. Ubora: unaonekana, mishono miwilimiwili, hakuna kinacholegea. Starehe: benchi la mahakama. Mguu wa kushoto ukafa ganzi, Mwita akanishusha.

Mrembo. Ubora: maua! Starehe: nzuri, ila linalia. Kila nikiegemea, kwiii. Natalia akasimama mlangoni akasema, "Mom, it's not supposed to do that." Nikamwambia kitu cha zamani lazima kiseme, hata bibi yangu magoti yalisema.

Sofa. Nililala. Kisu mkononi, ganda la ndizi kwenye paja, nikalala fofofo mpaka Mwita akaniamsha kuniuliza chakula. Kwa hiyo Sofa limeanguka mtihani. Mtu hawezi kulala juu ya farasi.

Mshindi: Mrembo!

Dosari moja. Utomvu wa ndizi umedondokea maua ya Mrembo na umekuwa mweusi. Nimelipaka mafuta ya nazi, mengi, nje na ndani, yafute doa na yanyamazishe kile kilio. Nimelianika kibarazani.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siafu! Wale wadogo wekundu wa Texas, wanaouma kama sindano ya hospitali. Wamepanda mpaka ghorofa ya pili kwa ajili ya mafuta yangu. Mrembo mzima alikuwa anatembea. Nilimbeba bila kujua. Mikono yangu sasa ni kama ya mtu aliyeoka mikate bila kitambaa. Mwita kalimwagia maji, kalifuta, kaliweka ndani. Halafu akala ugali wa baridi.

Linalia bado. Kwiii.

Alasiri nilimpigia Bibi kumwambia kesho tutawahi. Ikaitika ile mashine ya kurekodi. Nikaacha ujumbe wa Kiingereza, mzuri, wenye "God bless you" mwishoni. Nikabonyeza kuikata, nikaitupa simu kochini, nikaanza kumpangia Mwita. Nikamwambia kesho mambo yote niachiwe mimi. Huyo farasi namtandika mwenyewe, sitaki Natalia anisaidie. Namtandika kwa nguvu mpaka aache kuchezacheza. Nikimaliza na farasi naingia ndani namtandikia na bibi, maana Alhamisi akishika Mama Jerioth mashuka yanabaki kama yalivyo.

Mwita akasema niseme polepole, simu ina taa.

Kweli, nilipoiokota taa ya kijani ilikuwa inawaka. Haikuzimika sawasawa. Betri inaisha bure! Nimeirudisha kwenye chaji.

Najisikia vizuri sana. Kesho ni yetu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mikono bado imevimba kwa siafu. Naandika hivyohivyo.

Tulifika kwa Bibi saa kumi jioni, Natalia katoka shule sasa hivi, matandiko matatu nyuma ya van. Getini kuna mnyororo. Sijawahi kuona mnyororo pale. Pembeni gari la askari wa kaunti. Askari mwenyewe mrefu, kofia, miwani ya jua. Akaniambia nibaki ndani ya gari, mikono juu ya usukani. Mimi! Mwanakwaya!

Nikawaza: bima imeisha. Nikawaza: green card. Nikawaza: Mwita kanishtaki kwa microwave.

Akaniuliza kama ni mimi niliyetishia kumpiga farasi. Nikauliza farasi gani. Akasema Biskuti. Akaniuliza, pia ni mimi niliyesema nikimaliza na farasi naingia ndani kumpiga mke? Nikauliza mke wa nani. Akasema hata wao wanajiuliza, maana nyumba ile haina mke.

Nikatazama kibarazani. Bibi kwenye kiti chake, blanketi magotini, hanitazami. Hilo liliniuma kuliko askari. Nyuma yake Nyaboke, mikono kaikunja. Na Jerioth kashika kamba ya Biskuti, na lile tandiko jipya liko tayari juu ya uzio, linang'aa.

Nikapaza sauti kutoka dirishani, "Mama Jerioth! Umewaambia nini hawa watu?"

"Mimi? Si ni wewe umejiongelesha kwa machine! Tulitoka kulisha farasi, tukapata taa inamulika. Huyu mama akauliza umesema nini. Nika-translate tu!"

"Uka-translate nini?"

"Vile ulisema! Utatandika farasi kwa nguvu mpaka atulie. Alafu uingie kwa nyumba utandike bibi!"

Natalia akashuka kabla sijamzuia. Mikono kainyanyua juu, taratibu, kama walivyofundishwa shuleni. Akamwomba askari, sir hivi, sir vile, kama wanaweza kuusikiliza tena ule ujumbe. Mashine ikaletwa dirishani, ikafunguliwa mpaka mwisho. Sauti yangu ikajaa uwanja mzima. "God bless you." Halafu yote yale. Biskuti mwenyewe alisimamisha masikio.

Nikamwona mwanangu anashika tumbo. Nikadhani anaumwa. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, askari anamtazama. Alipoinuka akafungua van, akatoa Gogo kwa nguvu zote, akalitupa juu ya uzio. "Kutandika," akasema. Akakimbia ndani, tukamwona dirishani anakunjua mashuka ya Bibi, anayanyoosha. "Kutandika!" Akatoka, akajichapa kofi kwenye kiganja. "Kutandika." Akamwambia askari kwamba ni neno lilelile, na mama yake alimaanisha la kwanza na la pili.

Askari akavua miwani.

Nyaboke hakukubali upesi. Akasema kwao Kisii nani ana farasi? Kinachotandikwa ni kitanda na mtoto mjeuri. Na bibi si mke? Mzee kama huyu anaitwa nyanya.

"Nyanya ni ya kwenye mchuzi, Mama Jerioth!"

"Na bibi ni ya mtu!"

Askari akamuuliza Natalia kama hawa wawili wanaongea lugha moja. Natalia akajibu, "Kind of."

Bibi akasema ngoja. Mwishoni pale kuna maneno mengine, anayasikia jina la Mama Jerioth. Yanasemaje? Natalia akanitazama. Nikamkonyeza, nikamkonyeza tena, jicho likaniuma. Akatafsiri. Mashuka na Alhamisi, yote. Bibi akageuza kichwa polepole kumtazama Nyaboke. Nyaboke akawa anachunguza mawingu. Hapo ndipo nilipojua kwamba kipande hicho alikisikia vizuri tangu jana, na hakukitafsiri.

Mnyororo ukafunguliwa. Bibi akaja na mkongojo wake, akanishika mkono ulioumwa na siafu, akasema kwa sauti ndogo kwamba usiku hakulala, alikuwa anawaza amempa nani ufunguo wa nyumba yake. Mimi! Halafu akasema haya, sharti liko palepale, na jua linashuka.

Nikamtoa Mrembo kwa mbwembwe. Nikampandisha juu ya mgongo wa Biskuti. Biskuti akalaza masikio nyuma, halafu akageuza shingo akaanza kulamba nazi. Bibi akasema lishushwe. Akashika pembe ya mbele, akamwambia askari ashike nyuma, wakabana pamoja. Kwiii! Likajikunja katikati kama chapati. Bibi akasema mti umevunjika.

Nikatazama uwanja wote. Miti yake yote imesimama. Nikamwambia asiwe na hofu, hakuna mti ulioanguka. Natalia akafunika uso. Kumbe ndani ya tandiko kuna fremu ya mbao, ndiyo mifupa yake, na wenyewe wanaiita mti. Mifupa ya Mrembo imevunjika siku nyingi. Bibi akaweka kidole kwenye mgongo wa Biskuti, pale kidonda cha mwaka jana kilipoacha manyoya meupe. Palepale ndipo ule ubao ungemchoma. Natalia hakucheka tena.

Gogo. Mti mzima, ngozi nzima, Bibi alilisifia mpaka nikaanza kuinua kichwa. Lakini ni pana mno. Likamkalia Biskuti kwenye mabega, kidole cha Bibi hakikupita chini yake. Na Natalia alipopanda, vile vikuku vya kukanyagia vilikuwa chini huko, miguu inaning'inia kama nguo kwenye kamba. Bibi akatikisa kichwa.

Akamwambia Jerioth alete lake.

Nikaona Jerioth anainua lile jipya. Nikaona Natalia anauma mdomo. Nyaboke hakunitazama, lakini mabega yake yalikuwa yanaimba. Natalia akasema kuna lingine ndani ya gari. Nikamkatalia kwa Kichaga, lugha asiyoijua hata kidogo, nilivyochanganyikiwa. Lile? La machungwa? La samaki wa kalamu? Mbele ya Mama Jerioth? Akaenda. Akarudi na Sofa kifuani kama mtoto mchanga.

Nyaboke akasema, "Aki hiyo ni kiti ya barber."

Bibi hakucheka. Akaligeuza, akatazama chini, manyoya ya kondoo bado mazito. Akavuta kila kamba. Akabana mti, ukakataa kubanika. Likapanda mgongoni. Mkono wa Bibi ukaingia mbele, ukapita chini taratibu, ukatokea nyuma. Akarudia upande wa pili. Natalia akapanda, akakaa kama kamwagwa humo. Biskuti akateremsha kichwa, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyevua viatu vya kazi.

Bibi akasema ni hili.

Nililia. Askari alipiga makofi. Nilipopata sauti nikawaambia wote, si niliwaambia? La zamani! Natalia akanitazama sana, lakini jioni nzima kanisemesha.

Jumamosi, 12 Oktoba

Fort Worth! Watu, vumbi, harufu ya farasi na nyama choma. Nimevaa kitenge cha Pasaka ili Natalia anione. Ameniona. Kajifanya hajaniona.

Kabla hajaingia nilitaka kukimbilia chooni, nikaogopa kukosa. Mtu akakaa pembeni yangu. Nyaboke! Kabeba chupa ya chai na mandazi kwenye kitambaa. Akasema, "Nimekuletea chai. Ukitaka kunitandika, tandika sasa, lakini usimwage."

Sikumwomba radhi kuhusu mashuka. Nilimkaribisha andazi lake mwenyewe. Alielewa.

Geti likafunguka. Biskuti huyo! Pipa la kwanza, vizuri. La pili, karibu mno, goti la Natalia likaligusa, pipa likayumba. Likaenda huku. Likarudi huku. Nilikuwa nimemshika Nyaboke shingo. Pipa likasimama! La tatu, na mbio za kurudi, kofia imeruka, Sofa la watu halikutikisika hata kidogo, mwanangu kakaa humo kama yuko kwao. Nyaboke alipiga vigelegele kunizidi. Wateksasi wote waligeuka.

Wa nne! Kati ya wangapi, hilo si la muhimu.

Bibi Lorine alipitisha mkono mgongoni kwa Biskuti baada ya tandiko kutoka. Jasho sawasawa pande zote, hakuna pakavu, hakuna alama. Akambusu Natalia kichwani. Kasema Novemba ni zamu ya Jerioth, na lile tandiko jipya likaliwe kwanza mpaka lilainike. Nikamwambia Mama Jerioth asijali, nitamsaidia. Nina ujuzi.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani nimewaeleza wote nilivyolitambua Sofa tangu siku ya kwanza kwa Fidèle. Macho yangu tu yalitosha. Fidèle akafurahi, akasema tukae nalo, Esperance ameshapata kiti kingine. Natalia alikohoa wakati naeleza. Hii hewa ya Oktoba.

Baada ya ibada nikampeleka Mrembo gulioni. Yule mzee akanusa nazi, akatazama utomvu, akamkunja, kwiii, nikamwambia hivyo hivyo ndivyo alivyonipa. Kisha akasema microwave ameiuza jana. Mtu aliipenda sana. Basi Mrembo karudi nyumbani. Nimemweka jikoni pale penye pengo, maua yake yanapendeza. Mwita kaingia na sahani. Kasimama. Kaweka sahani juu ya tandiko, kakaa mezani, kangoja. Sijui alikuwa anangoja nini.

Jioni nimempigia Bibi kumshukuru. Leo Mama Jerioth kaenda kumsalimia, nadhani walikuwa zizini, maana ikaitika mashine. Nikaacha ujumbe mzuri, "God bless you" mbili. Halafu nikampangia Mwita ya kesho. Nikamwambia kesho nawahi. Kwanza nampiga Biskuti brashi, nampiga mpaka ang'ae. Halafu naingia ndani nampiga bibi picha. Nitampiga akiwa kitandani, nitampiga akiwa kibarazani, na Mama Jerioth akiwepo nampiga naye, wote wawili pamoja, nizitume Marangu wazione.

Mwita akasema simu ina taa.

Kweli inayo. Lakini mimi si mtoto, nimeshajifunza. Nimejikumbusha kila nililosema, tangu mwanzo mpaka mwisho. Neno kutandika sikulitaja hata mara moja.